Unataka kuhariri makala za michezo kwenye Wikipedia ya Kiswahili? Anzia hapa

Maswali ni yale yale kila siku. "Nimebadilisha magoli ya mchezaji mbona yamerudi kama zamani?" "Nimeandika makala usiku kucha, asubuhi nakuta imefutwa, nimekosa nini?" "Nabonyeza wapi?" Nimeyajibu kwa mmoja mmoja mpaka nikaona bora niyaandike yote sehemu moja, ili ukiuliza nikutumie hii tu, usome taratibu na simu yako mkononi huku unajaribu.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: sentensi moja fupi yenye chanzo inazidi makala ndefu isiyo na chanzo. Watoto wa shule wanasoma pale, watangazaji wa redio wanachukua tarehe na takwimu pale dakika tano kabla ya kipindi, kwa hiyo ukikosea wewe leo kesho kosa lako linasomwa hewani.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu au kompyuta. Simu inatosha kabisa kwa kurekebisha tarehe, jina, sentensi moja mbili. Kwa majedwali ya msimamo na visanduku vya wachezaji tafuta kompyuta, au ukiwa kwenye brauza ya simu shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa ubadilishe mwonekano uwe wa kompyuta.
- Imeili, si lazima, ila ukisahau nenosiri bila imeili akaunti ndiyo imekwenda.
- Chanzo kimoja cha kuaminika, vikiwa viwili bora zaidi.
- Makala MOJA uliyoichagua. Usianze na kumi.
- Nusu saa iliyotulia. Usihariri huku unaangalia mechi.

Hatua zenyewe

1. Fungua akaunti. Unaweza kuhariri bila akaunti lakini ukiwa nayo kazi zako zote zinakaa pamoja, watu wanaweza kukuandikia, na ukikosea unaelekezwa badala ya kufutwa kimya kimya. Jina chagua lolote ila lisiwe jina la klabu wala la kampuni, na akaunti ni ya mtu mmoja, msigawane na washkaji. Kama hutaki kujulikana usitumie jina lako la kweli, maana litaonekana kwenye historia ya kila ukurasa utakaougusa.

2. Chagua makala uisome YOTE, halafu fungua historia yake. Hapa wengi wanaruka. Kitufe cha historia kinakuonyesha nani alibadilisha nini na lini, na ukurasa wa majadiliano unakuonyesha walichobishania. Inawezekana hicho unachotaka kukirekebisha kilishajadiliwa mwaka juzi na kuna sababu kimeachwa hivyo. Dakika tano za kusoma historia zinakuokoa na ugomvi wa wiki nzima.

3. Tafuta chanzo kwanza, maandishi baadaye. Magazeti kama Mwanaspoti, Taifa Leo, HabariLeo au Daily Nation, BBC Swahili, tovuti ya CAF kwa mashindano ya Afrika, tovuti ya World Athletics kwa muda wa wanariadha. Gazeti la karatasi linakubalika pia, huhitaji linki, andika jina la gazeti, kichwa cha habari, tarehe na ukurasa. Kurasa za mashabiki, status za WhatsApp, video ya mtu anachambua akiwa chumbani kwake, hizo hapana. Na Wikipedia ya Kiingereza si chanzo! Ukikuta habari nzuri kule, shuka chini kwenye rejea zao, fungua chanzo chenyewe, ukisome, ndipo ukitaje.

4. Fanya mazoezi sehemu isiyo na madhara. Kuna ukurasa wa majaribio unaitwa sanduku la mchanga, na ukishakuwa na akaunti unaweza kutengeneza wa kwako chini ya jina lako. Huko haribu upendavyo. Jaribu kuweka herufi nene, linki, rejea, uone zinavyotokea.

5. Sasa bonyeza Hariri. Utaona njia mbili, Hariri ya kawaida ambayo unaandika kama unavyoandika kwenye faili lolote, na Hariri chanzo ambayo unaona alama zote. Anza na ya kwanza. Lakini ipo siku utalazimika kugusa chanzo, kwa hiyo angalia mfano huu, tuseme unaongeza sentensi kuhusu Filbert Bayi:

'''Filbert Bayi''' ni mwanariadha wa zamani wa [[Tanzania]]. Tarehe 2 Februari 1974 mjini [[Christchurch]] alishinda mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa 3:32.16 na kuvunja rekodi ya dunia.<ref>Jina la chanzo, kichwa cha habari, tarehe</ref>

Vialama vitatu vya juu kila upande vinafanya herufi nene, mabano mraba mawili mawili yanatengeneza linki ya kwenda makala nyingine humo humo, na kilichopo kati ya ref na ref kinashuka chini kuwa rejea. Huo ndio karibu uchawi wote unaouhitaji mwaka wa kwanza.

6. Weka rejea mara tu baada ya sentensi inayohusika, usizirundike mwishoni mwa makala. Ukiweka linki ya nje na akaunti yako bado mpya huenda ukaulizwa uthibitishe wewe ni mtu, hilo ni kawaida, thibitisha uendelee. Kama chini hakuna sehemu ya rejea, iongeze, la sivyo msomaji hajui pa kuziangalia.

7. Angalia hakikisho, yaani ukurasa utakavyoonekana kabla ya kuhifadhi, andika muhtasari, hifadhi. Kile kisanduku kidogo cha muhtasari wengi wanakiacha wazi halafu wanashangaa kufutwa. Andika umefanya nini kwa maneno machache, "nimerekebisha mwaka wa fainali, chanzo CAF". Anayepita nyuma yako akaona magoli yamebadilika bila maelezo atadhani ni mtu anachezea, akaona maelezo ataangalia chanzo.

8. Iweke makala kwenye maangalizi yako, yaani orodha ya kurasa unazozifuatilia, kwa kubonyeza ile alama ya nyota, urudi kesho uone kama kuna aliyegusa.

Makosa ninayoyaona kila siku kwenye michezo

*Kuhesabu magoli kwa kichwa.* Kile kisanduku cha pembeni cha mchezaji kwa kawaida kinahesabu mechi na magoli ya LIGI ya ndani tu. Chukua Mbwana Samatta akiwa Aston Villa. Alifunga ugenini kwa Bournemouth tarehe 1 Februari 2020, hilo ni la ligi. Halafu tarehe 1 Machi 2020 pale Wembley akafunga kwa kichwa dakika ya 41 kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Villa wakalala 2-1. Sote tuliliona lile bao, Tanzania nzima ililiona, kwa hiyo mtu anakuja anakuta kisanduku kinasema 1 anasema hawa wamemdhulumu mtu wetu, anaandika 2. Kumbe 1 ni sahihi, bao la Wembley linakaa ndani ya maandishi ya makala na kwenye jedwali la mashindano yote. Na ukisasisha magoli sasisha na ile tarehe ya "hadi" inayoonyesha takwimu ni za mpaka lini, namba mpya yenye tarehe ya miaka mitatu iliyopita inamchanganya kila atakayekuja baada yako.

*Kusahihisha mwaka ambao haujakosewa.* CHAN 2024, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilichezwa Agosti 2025 huku kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, fainali Kasarani tarehe 30 Agosti 2025 Morocco ikaifunga Madagascar 3-2. Jina lake linabaki CHAN 2024. AFCON 2023, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ilichezwa Januari na Februari 2024 kule Ivory Coast, jina linabaki 2023. Olimpiki ya Tokyo 2020 ilifanyika 2021. Usibadilishe jina la mashindano, andika tarehe halisi pembeni yake.

*"Sasa hivi" na "mpaka leo".* Haya maneno yanaoza. Eliud Kipchoge alipokimbia 2:01:09 Berlin tarehe 25 Septemba 2022, ungeandika "anashikilia rekodi ya dunia ya marathoni" ungekuwa sahihi. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 2023, Kelvin Kiptum akakimbia 2:00:35 Chicago, na sentensi zote za "anashikilia" zikawa uongo kwa siku moja. Andika "aliweka rekodi ya dunia ya 2:01:09 mjini Berlin tarehe 25 Septemba 2022", hiyo itabaki kweli hata baada ya miaka hamsini. Na tukiwa hapo hapo, ile 1:59:40 ya Kipchoge kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 HAIKUWA rekodi rasmi, yalikuwa mbio ya kupangwa, waongoza kasi wanapokezana, si shindano la wazi. Itaje, ni jambo kubwa sana, ila usiiweke kwenye safu ya rekodi.

*Saa.* Hili ni la kwetu sisi Waswahili. Mechi iliyoandikwa 19:00 kwenye tovuti ya nje ni saa 1 usiku, si saa 7, na kabla hujageuza angalia hiyo 19:00 ni ya wapi, maana Dar na London hazilingani. Kwa marathoni usiandike "alishinda kwa saa mbili na dakika tisa" ukaacha hapo, msomaji anaweza kudhani walimaliza saa mbili asubuhi. Andika 2:09:48. Huo ndio muda wa Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 2025, na Mjerumani Amanal Petros wa pili naye ana 2:09:48 hiyo hiyo. Usije ukafuta mmoja ukidhani mtu amekopi vibaya, walitenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde kwenye utepe.

*Viwanja.* Nyaraka za zamani zinasema "Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam". Upi? Kabla ya 2007 ni ule ambao leo unaitwa Uhuru. Baada ya hapo ni huu mkubwa wa pembeni yake, ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Ukiona mechi ya miaka ya 1970 imepewa linki ya Mkapa, hilo ni kosa na ni kazi nzuri sana ya kuanzia kwa mtu mgeni.

*Lugha ya mtangazaji.* Mimi napenda utangazaji wa redio kuliko wengi, lakini "mwamba huyu alipiga bonge la bao lililowaacha watu midomo wazi" haikai kwenye ensaiklopidia. Andika "alifunga kwa kichwa dakika ya 41". Basi. Vivyo hivyo ushabiki uache mlangoni. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, hayo yaandike hivyo hivyo yalivyo, habari ya nani baba wa nani waachie watu wa vijiweni. Mimi nina timu yangu na ninahariri makala za watani zangu, na hakuna aliyewahi kujua niko upande gani kwa kusoma nilichoandika.

*Tetesi za usajili.* Mpaka klabu yenyewe imtambulishe. Si "yupo uwanja wa ndege", si "amepigwa picha na meneja". Kila dirisha la usajili kuna wachezaji wanahamishwa kwenye makala mara tatu kwa wiki na mwisho wa siku hawajaenda popote.

*Kutafsiri kwa mashine na kupesti.* Hili ndilo linalofuta makala nyingi kuliko yote. Waingereza mechi ya timu ya taifa wanaiita "cap", mashine inakuletea "alipata kofia 40 za taifa". Sare, ambayo wao wanaiita "draw", inageuka kuchora. Tumia mashine kama unataka ila sentensi kwa sentensi uipitie, tumia maneno yetu, golikipa, beki wa kati, kiungo mkabaji, winga, sare, penalti, kwa mkopo. Ukisoma kwa sauti na ulimi ukajikwaa, andika upya. Na kukopi habari ya gazeti neno kwa neno ni marufuku hata ukitaja gazeti, soma, funga, andika kwa maneno yako.

*Kugusa majina ya ndani ya kisanduku.* Kwenye chanzo utakuta vitu kama caps1, goals1, clubs1. Unatamani kuvitafsiri. Usiviguse! Hayo ni majina ambayo programu inayatafuta, ukiyageuza kisanduku kinavunjika. Badilisha tu kilicho baada ya alama ya sawasawa.

Kuanzisha makala mpya na kuweka picha

Makala mpya iache mpaka uwe umefanya marekebisho ishirini hivi. Kwanza tafuta kama ipo kwa jina jingine, maana mchezaji mmoja anaweza kuandikwa kwa majina matatu. Kisha jiulize kama kuna vyanzo viwili vitatu vya watu wasiomjua vilivyomwandika kwa kirefu. Bwana mdogo anayetisha kwenye ndondo za mtaani kwenu, hata awe fundi namna gani, bado. Wewe mwenyewe, ndugu yako, mchezaji unayemsimamia, usiwaandike. Fungua makala ya mchezaji anayefanana naye uangalie imepangwaje, na chini kabisa ukopi mtindo wa jamii zake, yaani makundi ambayo makala imewekwa, mfano [[Jamii:Waliozaliwa 1953]] ukibadilisha mwaka. Makala yenye mistari minne na rejea tatu inatosha, itapewa alama ya mbegu na wengine wataikuza.

Picha: uliyopiga mwenyewe tu, kwa simu yako, uwanjani. Pakia Wikimedia Commons, kubali leseni ya kuruhusu watu waitumie, halafu iite kwenye makala. Ya Instagram hapana, ya Google hapana, hata kama mchezaji mwenyewe ameiposti. Kama unakwenda mechi wikiendi hii piga picha nzuri za wachezaji wakipasha misuli, tuna uhaba mkubwa mno, wachezaji wengi wa ligi zetu hawana picha hata moja.

Mambo yakigoma

*Nilichoandika kimerudishwa kama zamani.* Fungua historia usome sababu. Usikirudishe kwa nguvu, mkianza kurudishiana ni vita na mwisho mnafungiwa wote. Nenda kwenye majadiliano, andika hoja yako na chanzo, malizia na ~~~~ ili jina lako na saa vitokee, subiri.

*Naambiwa nimefungiwa na sijafanya kitu.* Kama una VPN izime kwanza, mara nyingi ndiyo hiyo. Kama huna, mitandao ya simu inawapa watu wengi anwani moja na mmoja akiharibu wote mnaumia. Jaribu mtandao mwingine. Ikigoma kopi ule ujumbe wote pamoja na namba yake uwatumie wakabidhi, ndio wasimamizi wa Wikipedia yetu.

*Nahifadhi inasema kuna mgongano.* Mtu mwingine amehifadhi wakati wewe bado unaandika. Hii ni ugonjwa wa siku za dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, filimbi inalia watu sita wako kwenye ukurasa mmoja. Kopi maandishi yako pembeni, fungua upya, weka kile tu ambacho mwenzako hajaweka. Na matokeo usiyaandike mpira ukiwa bado unachezwa.

*Rejea zimegeuka maandishi mekundu, au nusu ya makala imepotea.* Umeacha ref bila kuifunga. Rudi kwenye chanzo uitafute, ukishindwa nenda kwenye historia utengue badiliko lako uanze tena. Hakuna kinachopotea pale, kila toleo la zamani lipo.

*Vyanzo viwili vinapingana.* Mfano muda wa Bayi, pengine utakuta 3:32.2 na pengine 3:32.16. Wote wako sawa, rekodi za mbio hizo enzi zile ziliandikwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo ile fupi ni ile ile imekadiriwa. Kama ni ubishi wa kweli, tuseme mwaka wa kuzaliwa wa mchezaji, andika yote mawili na chanzo cha kila mmoja, usijifanye hakimu.

*Nimeuliza kwenye majadiliano wiki mbili hakuna aliyejibu.* Sisi wahariri wa Kiswahili ni wachache na wengi tuna kazi zetu mchana. Kama una chanzo na makala haina ubishi, fanya badiliko lako, andika kwenye muhtasari "angalia majadiliano", endelea na makala nyingine.